Mhuni ni Mtu Asiye na Karatasi

Swali la kwanza analoulizwa kijana na askari wa doria usiku, iwe Tandika au Manzese, halihusu kosa lolote. Ni "Unafanya kazi gani?" La pili linakuja kabla hajamaliza kujibu la kwanza: "Kitambulisho?" Akikwama hapo, jina lake limeshapatikana. Miaka ya hamsini angeandikwa mhuni. Miaka ya themanini angekuwa mzururaji na, kwenye hotuba za jukwaani, kupe. Leo jina linategemea mtaa, saa na kiatu alichovaa: teja, kibaka, panya road, au kwa upole wa kiofisi, "hawa vijana wa vijiweni". Kila uchumi unapobana, Dar es Salaam huzaa jina jipya la kijana asiye na ajira. Mtihani wa kumpa jina hilo ni ule ule kwa karibu miaka mia sasa: toa karatasi inayoonyesha kuna mtu anayekujua.

Mhuni wa kamusi za zamani si mwizi wala mgomvi. Ni mtu anayetangatanga, asiye na makao wala ndugu wa kumwitikia, na pwani neno lilimgusa hata kijana aliyekawia kuoa. Kosa lake ni kwamba hakuna wa kusimama akasema "huyu ni wetu". Serikali ya kikoloni ililikuta neno likiwa na maana hiyo, ikaliona linafaa, ikalivalisha sheria iliyokuja nayo kutoka kwao.

Sheria hiyo ilitungwa Uingereza mwaka 1824. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka 1815, askari wamerudi makwao, kazi hakuna, barabara zimejaa watu wanaohama kutoka mji hadi mji. Bunge lao likawapanga watu hao kwenye mafungu matatu: wavivu wakorofi, matapeli wazururaji, na sugu wasiorekebika. Mafungu mawili ya mwanzo yalipakiwa melini pamoja na sheria nyingine za makoloni. Tanganyika yaliingia katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, vifungu vya 176 na 177. Kenya na Uganda nazo zilipata nakala zao.

Kifungu cha 177 kinafaa kusomwa polepole. Miongoni mwa wanaoguswa humo ni mtu anayeshukiwa, asiye na njia ya kujikimu inayoonekana, na asiyeweza kutoa maelezo ya kuridhisha kuhusu nafsi yake. Tafuta kitendo katika maneno hayo, hukipati. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyepigwa. Kosa zima limesimama juu ya neno moja, "inayoonekana", na sheria haisemi nani anaangalia, wala anaangalia saa ngapi.

Enzi za mkoloni aliyeangalia alikuwa askari, na karatasi aliyoitaka ni stakabadhi ya kodi ya kichwa. Misako ya alfajiri mitaa ya Waafrika ililenga hiyo. Mwaka 1944 ikaongezwa sheria ya kuwaondoa mijini watu "wasiotakiwa", na mtu akarudishwa kwao, hata kama huko kwao alikotoka hapakuwa na shamba wala mzazi aliyebaki hai. Vita ya pili ya dunia ilikuwa imepandisha bei za vyakula na nguo kuliko mishahara, na mji ukazidi kujaa. Wakubwa wa serikali walijadili tabia za vijana hao. Bei ya unga haikuwa na adhabu ya kifungo.

Uhuru ulikuja, na mtu angetegemea mtihani ule ungeondoka na bendera ya mkoloni. Mwaka 1976 ikaja operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi. Halafu mambo yakaharibika kweli kweli: Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ikaanza mwaka 1978, mafuta yakapanda bei mwaka 1979. Wanaoikumbuka miaka hiyo wanakumbuka foleni ya sabuni, foleni ya sukari, na ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano ya msaada. Mwaka 1983 serikali ilitafuta wa kuwalaumu, ikapata makundi mawili. La wakubwa liliitwa wahujumu uchumi: walanguzi, wenye mabohari. La wadogo, lenye watu wengi zaidi, likawa la wazururaji, na kwa ajili yao ikatungwa sheria iliyokuja kujulikana kwa jina la Nguvu Kazi.

Utaratibu wa Nguvu Kazi ulikuwa hivi. Kila mkazi mwenye nguvu zake alitakiwa awe na kazi inayotambulika na kitambulisho cha kuthibitisha hilo, kwa kawaida kutoka kwa mwajiri. Msako unapita mtaani, vituo vya mabasi na sokoni. Asiye nacho anapandishwa lori, anaandikishwa, anapelekwa kijijini kwao au kwenye vijiji vya kilimo vilivyotengwa pembeni ya jiji. Gezaulole, ng'ambo ya pili ya bahari upande wa Kigamboni, kilikuwa kimeanzishwa miaka ya sabini kwa mawazo ya aina hiyo: mtu wa mjini asiye na ajira apewe shamba, atatulia. Jina lenyewe ni la Kizaramo, maana yake jaribu uone.

Operesheni haikufika mbali, na sababu zake hazihitaji falsafa. Mahindi yanataka miezi mitatu hadi minne kutoka mbegu kuingia ardhini hadi gunia. Kijana aliyeshushwa kijijini bila jembe, bila mbegu na bila chakula cha miezi hiyo atafanya hesabu moja tu, nauli ya kurudi. Wengi walirudi. Lakini kasoro kubwa zaidi ilikuwa kwenye kitambulisho chenyewe. Mshahara wa mwenye kitambulisho haukumaliza mwezi, kwa wengi haukumaliza hata wiki mbili. Aliyekuwa anamlisha ni mkewe anayekaanga maandazi, mtoto wa dada anayeuza karanga kwa kikombe, mpwa anayetembeza mitumba. Kwa kipimo cha sheria hao ndio walikuwa hawana kazi. Lori lilipita likawabeba walishaji na kuwaacha walishwaji.

Nchi haikuhitaji muda mrefu kuligundua hilo, na hapo ndipo kuna kituko ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii. Sheria iliyotungwa kuwaondoa wauza karanga mjini iligeuka kuwa njia ya kuwapa leseni. Kwa miaka mingi baada ya operesheni kufa, mfanyabiashara mdogo alikata "leseni ya Nguvu Kazi", akaitundika kwenye kibanda chake, na mgambo akipita akaonyeshwa ile karatasi. Kazi ilikuwa ile ile, kijana yule yule, karanga zile zile. Kilichobadilika ni mhuri.

Waliokuja mjini baada ya hapo, miaka ya mageuzi ya uchumi, mashirika ya umma yakipunguza watu na kuuzwa, walipewa jina ambalo halikutokana na kosa bali na kwao. Machinga ni kabila la kusini, huko Lindi, na vijana wa Lindi na Mtwara walikuwa wengi kati ya waliotembeza bidhaa mikononi. Neno likaenea kwa kila mtembeza bidhaa, awe Mmakonde, Msukuma au Mchaga. Lilianza kama dharau. Leo limo kwenye barua za serikali, kuna jengo la ghorofa pale Karume linaloitwa Machinga Complex, na wenyewe wana shirikisho lao la taifa. Msela nalo lilipita njia hiyo: neno la baharia, likawa la kijana wa mjini asiye na mbele wala nyuma, likaishia kuwa salamu ya marafiki. Hata mhuni siku hizi ni sifa baina ya vijana wenyewe, "mhuni wangu" ni mtu wa kuaminiwa. Wazee wakilisikia hilo wanakunja uso.

Kenya walilipeleka jambo hili mbali zaidi. Huko hustler lilikuwa neno la mtu anayehangaika bila mbele kueleweka. Mwaka 2022 William Ruto akalifanya bango la kampeni, akashinda, na tarehe 30 Novemba mwaka huo ukazinduliwa Hustler Fund, mkopo wa simu unaoanzia shilingi 500 za Kenya hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Jina la dharau likawa jina la akaunti. Sidhani kuna sehemu nyingine Afrika Mashariki ambapo neno la kumdharau asiye na ajira limepandishwa cheo haraka namna hiyo, ingawa kupandishwa cheo kwa neno hakumpandishi cheo mwenye neno.

Si majina yote yanayogeuka. Yale yanayohusu wizi hayageuki, yanaua. Usiku wa tarehe 2 Januari 2015 Dar es Salaam ilifunga milango mapema kwa uvumi kwamba Panya Road wanakuja, mtaa baada ya mtaa, kwa simu na kwa mdomo. Vijana wenye mapanga walikuwepo kweli na walipora watu kweli, hilo halina ubishi. Lakini siku zilizofuata walikamatwa mamia, na mtego wa mamia hauchagui: unanasa mwenye panga, unanasa na aliyekuwa anarudi kutoka kubeba magunia. Kwa lugha ya magazeti yetu, kijana akiuawa mtaani kwa tuhuma ya kuiba simu, yeye ni "kibaka", neno lisilo na "anayedaiwa" mbele yake. Waliomchoma ni "wananchi wenye hasira kali". Aliyekufa amehukumiwa kwa neno moja, waliomuua wamesamehewa kwa maneno manne. Sentensi hiyo imechapwa mara nyingi mpaka mhariri haioni tena.

Wasichana wana orodha yao, na haihusu wizi kamwe, inahusu miili. Changudoa alikuwa samaki kabla hajawa mtu. Mdangaji, msichana anayeishi kwa hela za wanaume, ni neno la juzi juzi, na upana wake unatisha: msichana aliyenunua simu mpya bila mshahara unaojulikana ameshaingia. Ni lile lile sharti la njia ya kujikimu "inayoonekana", safari hii likisimamiwa na majirani. Mfanyakazi wa ndani anaitwa beki tatu, utani wa mpira, na huyo ana kazi ya masaa kumi na sita kwa siku asiyokuwa nayo hata karani wa wizara.

Turudi kwenye kuona, maana hapo ndipo lawama nyingi za "vijana wavivu" zinapotengenezwa. Chukua kijiwe cha bodaboda cha kawaida. Kiongozi anapita na gari saa sita mchana, anaona vijana kumi na wawili wamekaa juu ya pikipiki chini ya mwarobaini, wengine wamelala, wawili wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Jioni anasema jukwaani vijana wanakaa vijiweni. Ameona kweli. Ila kijiwe kinaanza kazi saa kumi na mbili asubuhi kuwawahisha watu kwenye daladala, kinapoa saa nne, kinachemka tena saa kumi jioni, na wapo wanaoendelea hadi saa nne usiku. Saa sita ni saa ya kungoja. Kuzunguka mtaani bila abiria wakati huo ni kuchoma mafuta.

Na kijiwe hicho kina mwenyekiti, katibu, na daftari la kurasa za mistari lenye majina na namba za vizibao. Kuingia kuna kiingilio. Anayevuka foleni anatozwa faini. Kuna mchango wa msiba, na wengi wana mchezo wa kupokezana fedha kila wiki. Ofisi nyingi zenye kiyoyozi hazina mahudhurio yaliyoandikwa vizuri kama yale.

Hesabu ya mwanachama mmoja ipigwe wazi. Tuseme pikipiki ni ya mtu mwingine, kwa mkataba wa kumkabidhi dereva baada ya kulipa. Hesabu ya tajiri, yaani malipo kwa mwenye pikipiki, ni shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki sitini: jumla 3,600,000. Siku nzuri inaingiza kama 30,000. Toa 10,000 ya tajiri, toa 9,000 ya mafuta, toa 4,000 ya chakula na maji, toa 1,000 ya kijiwe. Zimebaki 6,000, na humo humo kuna oili, mnyororo, tairi la nyuma ambalo ndilo huisha kwanza, kodi ya chumba na mtoto. Siku ya mvua hakuna 30,000, lakini hesabu ya 10,000 haijui mvua. Hakuna mvivu anayeweza kumaliza wiki sitini za namna hiyo.

Inapoharibika, huharibika mwishoni. Dereva amelipa wiki hamsini, analaza hesabu siku mbili kwa malaria, tajiri anachukua pikipiki. Mkataba ulikuwa wa mdomo, au uliandikwa nakala moja na nakala hiyo anayo tajiri. Kijana akienda kulalamika anajibiwa kwa jina: bodaboda hawa, wahuni, hawaaminiki. Kinga yake inajulikana vijiweni na bado wengi hawaichukui kwa haraka ya kupata chombo: nakala tatu, moja ibaki serikali ya mtaa, kipengele kinachotaja siku ngapi za ugonjwa zinavumiliwa na nini hurudishwa mkataba ukivunjwa, na kila hesabu ilipwe kwa simu, si mkononi, ili wiki hamsini zionekane kwenye taarifa ya miamala hata kama daftari limepotea.

Wacheza pool nao wana hesabu yao. Mwaka 2016 yalisikika maagizo makali dhidi ya vijana wanaocheza pool asubuhi, saa za kazi. Sasa nenda soko la Mabibo au Ilala. Malori ya ndizi, nyanya na viazi hushusha usiku na alfajiri, ili mchuuzi wa rejareja apate mzigo kabla jua halijachomoza. Mbebaji anayeanza saa nane usiku humaliza saa mbili au tatu asubuhi akiwa na hela yake mfukoni. Akishika fimbo ya pool saa nne asubuhi, hiyo ni jioni yake. Mtumishi wa ofisini akinywa bia saa kumi na mbili jioni hakuna anayemuuliza.

Wapo wasiofanya lolote, bila shaka, na wapo wanaokula unga wa dawa za kulevya mpaka hawawezi kusimama. Ukiwaweka kwenye gunia moja na wabebaji wa Mabibo unapata idadi ya kutisha na hupati suluhisho la yeyote kati yao. Na idadi ya wanaotafuta kazi haijawahi kuwa siri. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili, ikabidi ufanyike Uwanja wa Taifa: zaidi ya vijana 10,000 kwa nafasi 70. Katika kila vijana 140 waliokaa kwenye viti vile vya uwanjani, wenye kalamu na vyeti kwenye bahasha ya kaki, hakufikia hata mmoja kamili wa kuajiriwa. Baada ya hapo tukaanza kuambiwa wahitimu "hawaajiriki" na "wanachagua kazi".

Jina baya lina bei, na bei hiyo hulipwa kwenye meza moja: ya serikali ya mtaa. Barua ya utambulisho ndiyo mlango wa karibu kila kitu. Fomu ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, inataka mhuri wa mtaa. Tangu laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, zoezi lililofungwa Januari 2020, bila namba ya NIDA huna laini ya jina lako, na bila laini huna huduma ya fedha kwa simu. Kazi ya ulinzi inataka barua na wadhamini wawili. Kumdhamini ndugu kituoni kunataka barua. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inapita kwenye kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki na utambulisho wa mtaa na kata. Ni pesa za vijana kwa mujibu wa sheria. Lakini anayeanza kuwatambua hao vijana ni mwenyekiti na mtendaji wanaopita pale kijiweni kila siku na wanaomwita kila mmoja wao kwa jina la utani.

Hapo jina linafanya kazi bila kelele. Hakuna anayeandika "mhuni" kwenye fomu. Mtendaji anasema njoo kesho, mlete baba yako, nani anakufahamu, mbona sikuoni kwenye mikutano. Mpangaji aliyehama Mbagala kwenda Gongo la Mboto miezi miwili iliyopita hana wa kumfahamu, na balozi wa nyumba kumi wa huko alikotoka hawezi kumwandikia barua ya huku. Kukosa karatasi kumegeuka kuwa kasoro ya tabia. Wanaojua hili hufanya mambo mapema: wanapohamia mtaa mpya wanajiandikisha kwenye daftari la wakazi wiki ile ile, wakiwa na mwenye nyumba. Wanaomba barua siku ambayo hawana shida, wanaihifadhi picha yake kwenye simu. Vikundi vya mikopo hukwama kwa jambo dogo kuliko hilo: majina kwenye muhtasari wa kikao hayafanani herufi kwa herufi na majina ya NIDA. "Juma" na "Jumaa" zimeshachelewesha pesa za watu.

Serikali yenyewe ilijaribu kulitatua kwa karatasi. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa kwa wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vya shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mwenye nacho hakutakiwa kusumbuliwa na mgambo. Kwa muda fulani ilikuwa nafuu ya kweli. Mtu alikivaa shingoni kama medali. Vya kwanza havikuwa na jina wala picha ya mwenye navyo, hivyo vilimtambulisha yeyote aliyevivaa. Oktoba 2021 wamachinga wakaondolewa barabarani kwenda maeneo yaliyotengwa, na kitambulisho hakikumzuia mgambo kuvunja meza. Karatasi ilimpa kijana hadhi, haikumpa mahali pa kusimama.

Akikamatwa kwa uzururaji, kuna mambo machache yanayofaa kujulikana kabla, maana kituoni hakuna wa kuyafundisha. Ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa, na "uzururaji" peke yake ni jibu fupi mno: aulize kwa utulivu ni kifungu gani na alikuwa anafanya nini. Aliyekamatwa bila hati kwa kosa dogo afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, au aachiwe kwa dhamana ya polisi. Dhamana hailipiwi; anayedai hela ya dhamana kituoni anadai kitu kingine. Mdhamini aende na kitambulisho chake na barua ya mtaa. Kosa kubwa wanalofanya vijana ni kukubali kosa asubuhi mbele ya hakimu ili watoke upesi na faini. Wanatoka upesi kweli, wakiwa na rekodi ambayo sheria inaihesabu wakirudi mara ya pili, adhabu ikawa kubwa zaidi.

Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, ilitoa maoni yake kuhusu sheria za namna hii barani kote, kwa maombi ya Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwamba zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake, na nchi zizifute au zizirekebishe. Malawi, mahakama yao kuu ilishalifuta kosa la "tapeli mzururaji" mwaka 2017. Uganda, Mahakama ya Katiba ilifanya hivyo Desemba 2022. Kutoka jengo la mahakama ile ya Arusha hadi stendi ambako vijana hukamatwa kwa uzururaji ni mwendo wa bodaboda.

Hati ya mashtaka ya hapa kwetu ina mistari michache juu, kabla ya kosa: jina, kabila, umri, kazi, dini, makazi. Kwenye mstari wa kazi, majalada ya mahakama zetu yamejaa neno moja, mkulima. Anaandikwa hivyo hata kijana wa Buguruni ambaye hajawahi kushika jembe, kwa sababu kuacha nafasi wazi hakuruhusiwi na karani anataka kujaza. Huyo ameshtakiwa kwa kutokuwa na kazi inayoonekana, na karatasi iliyomleta mahakamani ndiyo ya kwanza maishani mwake kumwandikia kazi.